Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyekemea Israfu



Ndugu msomaji, hebu pita soko la Gakoromone hapa Meru siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, au shuka Embu uingie sokoni siku hizo hizo. Utawatambua Waislamu bila hata kuangalia kofia wala buibui. Ni wale wenye mifuko minne. Tende, unga wa ngano, viungo vya pilau, mtungi mzima wa mafuta, na nazi ambazo hazioti huku kwetu kwenye baridi, kwa hivyo bei yake unaijua mwenyewe. Nyuma yuko mtoto amebeba sukari. Mwezi ni wa kufunga, lakini hesabu ya jikoni inapanda kuliko miezi ya kula. Halafu likifika kumi la mwisho, lile la kuutafuta usiku wa Lailatul Qadri, nusu ya jamaa wako madukani wanatafuta nguo za Idd, na baba yuko pembeni anabonyeza simu apate mkopo.

Hili tunalijua sote. Kila mwaka tunaliongea tukitoka tarawehe, na kila mwaka tunalirudia.

Basi safari hii, katika ukurasa wetu wa watu wema waliotangulia, hatukwenda mbali. Wengi mlitarajia tuandike habari za Sayyidna Umar (R.A.) na kanzu yake yenye viraka, au Khalifa Umar bin Abdul-Aziz na taa ya Baitul Mali. Hao tumewasoma tangu madrasa, na uzuri wao hauishi. Lakini kijana wa leo ana ujanja wa kujitetea: atakwambia hao ni Masahaba na makhalifa, zamani zile, Uarabuni kule. Kwa hivyo tumemchagua mtu wa hapa hapa Kenya, aliyesema Kiswahili kama wewe, aliyeona ndugu zake wakikopa kwa ajili ya arusi na matanga, akachukua kalamu. Naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mtu anaweza kuuliza, Mombasa na sisi wa Mlima Kenya wapi na wapi? Jibu liko Majengo. Wazungu walijenga boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na pamoja na boma walifika wafanyabiashara Waswahili, wapagazi na askari, wengi wao Waislamu. Wakaoa huku, wakazaa huku, na wenyeji wakasilimu. Walituletea Qur'ani, kanzu, na lugha hii unayoisoma. Walituletea pia namna yao ya kuoza binti na namna yao ya kuomboleza maiti. Tumevirithi vyote kwenye furushi moja, na wengi wetu mpaka leo hatuwezi kusema hapa ndipo dini inapoishia na hapa ndipo desturi ya mji inapoanzia. Sheikh Al-Amin maisha yake yote alifanya kazi ya kulifungua furushi hilo na kuonyesha kipi ni kipi.

YATIMA WA UKOO MKUBWA

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Jina la Mazrui si jina dogo. Ukoo huo ulitawala Mombasa kwa karibu miaka mia, ukaipoteza mwaka 1837 mbele ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Baada ya utawala kuondoka, baadhi ya watu wa ukoo ule walishika elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mashuhuri. Lakini baba alifariki mwaka 1894, na Al-Amin akabaki yatima, mtoto wa miaka mitatu tu.

Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye mwanachuoni na kadhi. Hilo la uyatima tafadhali liweke kichwani, tutalirudia.

Alipokua alikwenda Zanzibar, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa chuo kikuu cha Afrika Mashariki kabla ya vyuo vikuu. Alisoma kwa mabwana wawili ambao kila anayejua historia ya elimu ya dini Pwani anawajua: Sayyid Ahmad bin Sumait, na Sheikh Abdalla Bakathir wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Akarudi Mombasa amejaa fiq'hi, tafsiri na lugha ya Kiarabu.

Mpaka hapo ni maisha ya sheikh kama masheikh wengine. Kilichomtofautisha ni alichokuwa akisoma. Kutoka Cairo lilikuwa likija jarida la Al-Manar, lililoanzishwa mwaka 1898 na Sayyid Muhammad Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Hao walikuwa wakiuliza swali gumu: kwa nini Waislamu, waliokuwa juu, sasa wako chini? Na hawakutosheka na jibu la kuwalaumu wakoloni peke yao. Sheikh Al-Amin alisoma, akainua macho kutoka kwenye karatasi, akautazama mji wake.

MJI ULIVYOKUWA

Akauona nini? Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku, na wenye mashamba ambao walizoea kuishi kwa jasho la watu wengine, na hilo tuliseme wazi, wakajikuta hawana mlimaji wala hawakuzoea kushika jembe. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi Pwani. Shamba likawa karatasi, na karatasi ni rahisi kuuza, ni rahisi zaidi kuweka rahani. Wakopeshaji walikuwepo, na riba ilikuwepo.

Sasa tusidanganyane. Hatusemi kwamba biriani ndiyo iliyouza Pwani. Ardhi kubwa ilichukuliwa na serikali ya kikoloni kwa sheria zake, na mengine mengi yalipita. Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao wenyewe waliufungua kwa mikono yao. Mtu amebakiwa na shamba la minazi, mapato yamepungua, lakini heshima ya jina inataka arusi ya siku saba kama ya babu yake. Babu alikuwa nazo, mjukuu hana. Anakwenda kukopa, shamba linawekwa rahani, arusi inafana, watu wanasifu kwa wiki mbili. Deni linabaki, na siku ya kulipa ikipita, shamba nalo linapita.

Juu ya hapo zilikuwepo ngoma za mashindano. Mombasa ilikuwa na beni za Kingi na Skochi, watu wamejigawa vikundi, sare za kijeshi, matarumbeta, na karamu za kushindana. Akina mama nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Kikundi hiki kikifanya karamu, kile lazima kifanye kubwa zaidi, la sivyo ni aibu. Mtu asiye na chochote anatoa chochote ili upande wake usichekwe.

Vijana wenzangu mtacheka. Lakini badilisha jina tu. Toa Kingi na Skochi, weka kundi la WhatsApp la kamati ya arusi.

GAZETI KWA LUGHA YA MTU WA KAWAIDA

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti aliloliita Sahifa. Mwaka 1932 likafuata la pili, Al-Islah, maana yake marekebisho, kwa Kiarabu na Kiswahili. Huo ndio wakati ambao uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka, bei za mazao ziko chini, na pesa mkononi ni tabu.

Angalia jambo moja hapa. Mwanachuoni wa kiwango chake angeweza kuandika Kiarabu kitupu, wenzake wakamsifu kwa ufasaha, na mvuvi wa Mombasa asijue kulichosemwa. Yeye Sahifa aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi walizijua herufi zile kutoka chuoni walikosomea Qur'ani, lakini Kiarabu chenyewe hawakijui. Basi yeyote aliyefika juzuu ya Amma aliweza kujisomea, au kumsomea mamake nyumbani.

Aliandika mengi. Umoja wa Waislamu, elimu ya watoto, elimu ya wasichana ambayo wakati ule wengi hawakutaka kuisikia, pombe, ngoma, watu kuuza mashamba yao, na namna watu wanavyowaiga Wazungu. Kwenye hili la kuiga alikuwa na ukali wake. Kilichomuudhi ni kwamba watu walichagua kuiga yale yanayomaliza pesa, mavazi na starehe na ulevi, wakaacha kuiga bidii ya kazi, kushirikiana na kutafuta elimu. Kwa maneno ya leo tungesema, tumenunua simu ya bei ya ng'ombe lakini hatukununua kitabu.

Na aliandika juu ya israfu ya arusi na matanga. Hapo ndipo tunataka tukae kidogo, maana hapo ndipo panapotuuma na sisi.

ARUSI

Kisheria ndoa haina gharama kubwa. Inataka walii, mashahidi wawili, mahari waliyokubaliana, na kauli ya kuoza na kukubali. Karamu ya walima ni sunna, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf (R.A.) aifanye japo kwa mbuzi mmoja. Na Abdurrahman si masikini, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Madina. Kuna na yule Sahaba ambaye hakuwa na kitu kabisa, akaambiwa atafute japo pete ya chuma, nayo akaikosa, mwisho akaozwa kwa ile Qur'ani aliyoihifadhi.

Sheikh Al-Amin aliona umbali uliokuwepo kati ya hilo na arusi za mji wake. Sherehe juu ya sherehe, kila siku ina jina lake na chakula chake, na zawadi ambazo kila mmoja lazima atoe kwa sababu alipewa. Watu hawakula kwa furaha tena, walikula kwa deni.

Huku kwetu tumeongeza na yetu. Kijana wa Kimeru au Kiembu aliyesilimu, au aliyezaliwa katika Uislamu, anakaa na wazee wa ruracio upande mmoja na wazee wa mahari upande wa pili. Mbuzi wanahesabiwa, blanketi zinahesabiwa, shuka za akina mama zinahesabiwa. Akimaliza hapo, msichana naye ameona picha kwenye simu: ukumbi, hema zenye mapazia, keki ya ghorofa, gari la kukodi, mpiga video mwenye kamera inayoruka. Kijana anaanza kuahirisha. Mwaka huu, mwaka ujao, tukivuna majani chai, miraa ikipanda bei. Wakati huo huo sote tunajua vijana wawili wanaopendana na kuahirishiwa nikahi wanaingia hatari gani. Wazazi wanajua, lakini wanaogopa wageni watasema nini.

Hapo kwenye watu watasema nini ndipo penye mzizi wa mambo. Israfu nyingi haitoki kwenye uroho. Inatoka kwenye haya. Mtu anakopa si kwa sababu anapenda sana pilau, ni kwa sababu anaogopa kuitwa bahili au masikini. Ndiyo maana kumhubiria mtu mmoja mmoja hakusaidii sana, atakubali kwa kichwa halafu atafanya vile vile. Sheikh Al-Amin nadhani alilielewa hili, maana hakumtuma mtu faraghani, aliandika kwenye gazeti. Jambo ambalo mji mzima umelifanya kuwa heshima, lilitaka lizungumzwe mbele ya mji mzima ili lisiwe heshima tena.

MATANGA

Hili ni zito zaidi, na hapa tunarudi kwa yule yatima.

Alipouawa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) vitani Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaagiza watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Hiyo ndiyo sunna, majirani wapike wapeleke kwa wafiwa. Sasa tazama ilivyogeuzwa. Wafiwa ndio wanaopika. Majirani ndio wanaokula. Siku ya tatu, siku ya saba, arobaini, kila siku sufuria juu ya moto, na mjane amekaa chumbani anahesabu magunia ya mchele.

Katika sheria yetu mali ya maiti ina mpango wake. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, halafu wanaorithi. Karamu haimo. Kama maiti ameacha watoto wadogo, basi ng'ombe aliyechinjwa siku ya arobaini ameshakuwa ng'ombe wa mayatima, na wanaokula wanakula mali ya mayatima. Qur'ani katika Surat Nisaa imeonya vikali sana juu ya mali hiyo. Wanavyuoni wa madh-hab yetu ya Shafi wameliandika hili zamani, si jambo la kuzuliwa juzi.

Sheikh Al-Amin alikuwa na miaka mitatu baba yake alipofariki. Hatudai kujua nini kilipikwa nyumbani kwao siku zile. Lakini mtu aliyekua bila baba, akaja kuwa kadhi ambaye mirathi za watu zinapita mbele yake, bila shaka aliliona jambo hili kwa jicho ambalo sisi wengine hatuna.

Na hapa ndipo alipogusa mahali panapouma. Kumwambia mtu apunguze arusi, atanuna. Kumwambia asiwapikie watu hitima ya mamake, ataona unamzuia kumtendea wema mzazi wake. Sheikh hakupendwa na wote kwa ajili ya mambo haya. Walikuwepo walioona anabomoa walichokijenga wazee, na masheikh wengine hawakukubaliana naye katika mambo kadhaa. Hata leo, kwenye msikiti wetu mmoja, ukilizungumza hili baada ya Isha utaona safu imegawanyika. Hatutaki kuanzisha mzozo ndani ya Ramadhan. Tunasema tu, anayetaka kumtolea sadaka marehemu wake, milango iko mingi. Kisima, karo ya yatima, misahafu ya madrasa, kulipa deni aliloacha. Na deni ndilo la kwanza.

KUBANA MATUMIZI SI UBAHILI

Wapo watakaosema, basi sheikh huyu alikuwa mtu mkavu, hataki watu wale wala wafurahi. Si hivyo. Mwenye kusoma dini anajua kuna mambo mawili yaliyokatazwa. Katika Surat Bani Israil, aya ya 26 na ya 27, tumekatazwa ubadhirifu na wabadhirifu wakafanywa ndugu wa mashetani. Mbele kidogo, aya ya 29, tumekatazwa pia kuufunga mkono shingoni, yaani ubahili. Na Surat Furqan inawasifu wale wanaokaa katikati. Wanavyuoni wengine wametofautisha: israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali, kama kupika vyakula kumi na kula vitatu. Ubadhirifu ni kutoa pesa mahali ambapo hata shilingi moja haikustahili kwenda.

Sheikh Al-Amin alitaka pesa zitoke, tena zitoke sana, lakini ziende mahali. Alitaka watoto wasomeshwe, dini na elimu ya dunia. Alitaka wasichana wasome. Alitaka Waislamu washikilie mali zao, wafanye biashara, wasaidiane. Yeye mwenyewe aliandika vitabu vidogo vya Kiswahili vya kufundishia dini, ili mtu asihitaji kusafiri mpaka Zanzibar kujua namna ya kuswali. Alianza na kufasiri Qur'ani kwa Kiswahili, kazi ambayo hakuimaliza. Kwa lugha ya Kiarabu aliandika historia ya ukoo wake wa Mazrui, nayo pia hakuimaliza, ikaja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya hapa nyumbani. Nyumba inanunua soda ya shilingi 100 kila siku wakati wa ftari, na maji yapo, na uji upo. Siku 30 ni shilingi 3,000. Nyumba kumi za mtaa mmoja pale Majengo, ni shilingi 30,000 kwa mwezi mmoja, na hiyo ni soda tu, hatujagusa sambusa zinazobaki zikatupwa asubuhi. Mwalimu wa madrasa hapo hapo mtaani mnamlipa nini? Tusiendelee, tutaoneana haya.

Akina mama msituchukie. Tunajua wanaume ndio wanaosema ftari haijakamilika bila vitu sita mezani.

KADHI

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokaa nacho mpaka kufa kwake. Kadhi anahukumu nikahi, talaka, na mirathi. Kwa hivyo yale aliyoyaandika akiwa mtu wa gazeti, sasa yalikuwa yakimjia mahakamani yakiwa na nyuso: mume na mke waliogombana, ndugu waliogombania kiwanja, mjane na watoto.

Baadhi ya makala za gazetini zilikusanywa zikawa kitabu kidogo, Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Hapo wengi ambao hawakuwahi kuliona gazeti lenyewe waliweza kuyasoma maneno yake.

Alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na miaka 56. Kwa hesabu za leo si mzee. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na miaka 14, naye akaonja uyatima kama baba yake, ingawa alikuwa amechelewa kidogo. Baba alikuwa na nia ya kumpeleka Al-Azhar kule Misri. Mauti yakakata mpango huo, na kijana akafuata njia nyingine, mwisho akawa yule Profesa Ali Mazrui ambaye dunia ilimjua, aliyefariki Marekani Oktoba 2014 na kurudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo karibu na Fort Jesus.

Wanafunzi nao waliendelea. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 mpaka 1968, akaandika kwa Kiswahili chepesi na kwa ukali ule ule juu ya mambo ya kuzua. Baada yake cheo kikashikwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy kutoka Zanzibar, ambaye Qur'ani yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1969 iko katika nyumba nyingi za Meru na Embu, pengine iko kabatini kwenu sasa hivi. Ukiisoma ile tafsiri, jua kwamba mwenye kuiandika alikuwa mmoja wa waliofaidika na Sheikh Al-Amin.

Kile kitabu kidogo, Uwongozi, mwaka 2017 kilitolewa upya na wataalamu, makala zilizochaguliwa, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ni kazi nzuri, lakini imechapishwa Ulaya na bei yake ni ya Ulaya, na itakuwa kichekesho kukopa kwa ajili ya kununua kitabu cha mtu aliyekemea madeni. Ukisafiri Mombasa uliza kwenye maduka ya vitabu vya dini pale Mji wa Kale toleo la zamani, lile jembamba. Na kama babu yako analo sandukuni, mwombe, ulifute vumbi, uje nalo madrasa Jumamosi tulisome pamoja kabla mchwa hawajalimaliza.